Mtoto si mgonjwa: ya nini kumpeleka kwenye mizani?

Swali hili latufikia mara nyingi, na kwa kawaida latoka kwa akina baba. Mama asema jioni: «Kesho ni siku ya mizani kituoni.» Baba auliza: «Mtoto ana homa?» Hana. «Anahara?» Hahari. «Basi, mtoto mzima aenda kwa muganga kutafuta nini? Maharagi yangoja palizi.»

Hatulicheki swali hili. Siku moja ya jembe, wakati magugu yanaposhindana na maharagi, ni mali. Tena katika milima yetu ya Kivu kituo cha afya chaweza kuwa mbali mwendo wa saa mbili, na njia ni ya kupanda na kushuka, mtoto mgongoni. Baba asiyetaka siku ya mkewe ipotee bure si mtu mbaya. Ataka kupewa sababu. Nasi leo twataka kumpa sababu, kadiri tulivyojifunza kwa waliotumwa kazi hiyo.

Kwanza tumjue mtu angojeaye kwenye mizani. Nchi yetu ya Kongo imegawanywa katika zoni za afya 519. Kila zoni ina daktari mkuu wake na hospitali yake kubwa, nayo yagawanyika tena katika maeneo madogo, kila eneo na kituo chake. Katika kituo, mara nyingi, hakuna daktari. Yupo muuguzi, ambaye watu humwita muganga, au titulere, kwa sababu kituo kizima kimewekwa mikononi mwake. Wauguzi wengi wa vituo vyetu wana diploma ya A2, yaani walisomea uuguzi katika shule ya sekondari. Wengine ni A1, waliosoma chuo cha juu. Katika eneo moja kuna watu elfu tano, elfu kumi, pengine zaidi. Muuguzi awapima wagonjwa, apokea waja wazito, ahesabu vidonge, aandika vitabu, apeleka hesabu kila mwezi kwenye ofisi ya zoni, na usiku agongewa mlango.

Wengi wao hawapati mshahara wa serikali, au wapata kidogo kisichotosha ada ya shule ya mtoto mmoja. Riziki yao yatoka katika malipo ya wagonjwa. Fikirini basi ajabu hii: mtu aishiye kwa faranga za wagonjwa atenga siku yake nzima, kila juma au kila mwezi, kufanya kazi ya kupunguza wagonjwa! Mchuuzi gani angefanya hivyo na wateja wake?

Kazi ya muuguzi ina pande mbili. Upande mmoja kila mtu auona: sindano, kidonda kilichofungwa, kidole kilichochomwa ili tone la damu lionyeshe kama kuna malaria. Mkimkuta ameshika saa mbele ya mtoto anayekohoa, msidhani kwamba ahesabu muda wa kwenda nyumbani. Ahesabu pumzi. Mtoto wa miezi miwili mpaka kumi na moja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, au wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40, muuguzi ashuku ugonjwa wa mapafu, wala hangoji. Upande huu hauhitaji kutetewa, kwa maana mgonjwa ajileta mwenyewe.

Upande wa pili hauonekani. Mtoto aliyepona surua atajwa na kijiji chote. Mtoto ambaye surua haikumpata kamwe, nani atamtaja? Hapo ndipo mizani inapoingia, na hapo ndipo hatuna budi kusema habari za bwaki.

Watu wa Kivu walijua bwaki kabla ya kuja vitabu. Miguu ya mtoto yavimba, kisha uso. Nywele zageuka rangi, zawa nyekundu na nyepesi, na ukizivuta zang'oka bila maumivu. Ngozi yababuka kama iliyoungua. Na mtoto aliyekuwa akicheka aketi kimya, hataki chakula wala mchezo, alia ukimgusa. Madaktari waliofanya kazi Katana na Lwiro, karibu na Ziwa Kivu, waliuandika ugonjwa huu sana tangu miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 watu wa Bukavu waliunda komiti ya kupigana nao. Mbali na kwetu, huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, Dr Cicely Williams aliueleza ugonjwa uleule mwaka 1933. Miaka miwili baadaye aliutaja kwa jina alilolisikia kwa akina mama wa kabila la Ga: kwashiorkor. Jina hilo lahusu mtoto aliyeondolewa mahali pake kwa sababu mdogo wake yuaja. Tazameni, wenye elimu wa kwanza walikuwa ni mama wa nyumbani. Waliona wakati ambao ugonjwa huu hupenda kuingia: mtoto alipokwisha kuachishwa ziwa, na bado hajaweza kushindana na wakubwa kwenye sahani.

Zamani ilisemekana kwamba sababu ya bwaki ni moja tu, ukosefu wa nyama, maziwa na maharagi. Leo wataalamu wasema sababu ni nyingi zilizosukana: chakula cha namna moja, kuhara kusikokwisha, surua, minyoo, na mashamba madogo mno kwa watu wengi, kama tunavyoona Kabare na Walungu. Tena tangu 1996 vita vimewafukuza watu mara ngapi katika mashamba yao! Lakini kijijini wengine wana sababu yao: wasema mtoto amerogwa, au mama yake ameharibu mwiko. Maneno haya yanadhuru kuliko yanavyodhaniwa. Mama anayesengenywa hatamleta mtoto wake mbele ya watu. Atamficha ndani mpaka uvimbe ufike usoni.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Tuchukue mfano, kama tufanyavyo darasani, na mtoto wa mfano tumwite Furaha. Alizaliwa na kilo tatu. Kwa miezi sita ya kwanza alinyonya ziwa la mama tu, bila maji wala uji, naye akawa na kilo sita na nusu. Alipofika mwaka mmoja alikuwa na kilo 8 na gramu 400. Muuguzi alitia nukta kwa kila mwezi juu ya karatasi yake, akaziunganisha kwa mstari, na mstari ulipanda kama njia ya kwenda mlimani. Katika mwezi wa kumi na tatu mizani yasema: kilo 8 na gramu 400. Mwezi wa kumi na nne: kilo 8 na gramu 400.

Mama amtazama Furaha, naye acheka, atembea, mashavu yapo. Baba amtazama, haoni kitu. Jirani haoni kitu. Jicho la mzazi, kwa kuwa lamwona mtoto kila siku, halina kumbukumbu ya mwezi uliopita. Karatasi inayo. Mstari uliokuwa ukipanda umelala, na mtoto wa umri huo asiyeongezeka amekwisha kuanza kurudi nyuma. Hapo, ndugu baba uliyeuliza, ndipo jibu lako lilipo. Furaha si mgonjwa leo. Huu ndio wakati ambao kijiko cha karanga zilizotwangwa katika uji, yai moja, dawa ya minyoo, vyaweza kutosha. Ukingoja mpaka miguu ivimbe, haitatosha tena yai.

Karatasi hiyo ina historia nzuri. Daktari mmoja Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi Nigeria mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye aliyeieneza. Aliamua jambo lililowashangaza wakubwa wengi wa hospitali: karatasi ikae kwa mama, si katika kabati la kituo. Walisema wanawake wasiojua kusoma wataipoteza. Kumbe waliitunza vizuri kuliko makarani wa hospitali! Kwa hiyo twawaomba akina baba wasiitumie karatasi ya mtoto kuandikia hesabu za deni, kama tulivyowahi kuona, wala wasiifungie karanga.

Hata hivyo mizani yaweza kusema uongo, na muuguzi mwema alijua hili tangu shule. Bwaki hujaza maji mwilini, na maji yana uzito. Mtoto aweza kupoteza nyama yake huku mizani ikionyesha kilo zilezile, au hata zaidi, na mama akarudi nyumbani akishukuru. Kwa sababu hiyo mtamwona muuguzi akikamata miguu miwili ya mtoto, akibonyeza juu ya kila mguu kwa kidole gumba kwa muda wa sekunde tatu, kisha akiondoa kidole na kutazama. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, hahitaji tena mizani. Mtoto huyo yu hatarini. Jambo hili halihitaji chombo cha ng'ambo. Mama yeyote asomaye gazeti hili, au asomewaye na mwanawe wa shule, aweza kulifanya leo jioni wakati wa kuosha watoto.

Kuna na utepe wenye rangi tatu. Muuguzi auzungusha katikati ya mkono wa kushoto, sehemu ya juu, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kijani ni salama. Manjano ni onyo: mkono haufiki milimita 125. Nyekundu, chini ya milimita 115, ni hatari kubwa. Siku hizi katika maeneo mengine hata akina mama wenyewe wamefundishwa kuutumia nyumbani, na twaliona kuwa jambo la busara sana.

Zamani mtoto wa bwaki alilazwa hospitali majuma mengi, mama yake naye akilala chini kando ya kitanda, na nyumbani watoto wengine wakibaki bila mtu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikubali njia nyingine. Mtoto apewa kwanza mbele ya muuguzi kipakiti cha chakula kizito cha karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini. Akila vizuri, wala hana ugonjwa mwingine mkali, atarudi nyumbani na vipakiti vyake, aje kupimwa kila juma. Akikataa kula, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kukosa hamu ya chakula kwa mtoto wa namna hiyo ni dalili mbaya. Vipakiti hivyo ni dawa ya mtoto mmoja aliyeandikiwa. Twajua kwamba vyaonekana sokoni, na twajua pia kwamba mama mwenye watoto watano wenye njaa hugawa kipakiti kimoja mara tano. Kwa huyu wa pili hatuna neno kali. Yule anayeviuza kwa faida ajihukumu mwenyewe.

Siku ya mizani ndiyo pia, katika vituo vingi, siku ya chanjo. Mtoto achanjwa azaliwapo dhidi ya kifua kikuu na polio; tena katika majuma ya sita, ya kumi na ya kumi na nne; na afikapo miezi tisa, surua na homa ya manjano. Surua twaitaja kwa makusudi. Katika ugonjwa ule mkubwa uliotangazwa kwisha mwezi wa nane mwaka 2020, watoto zaidi ya 7,000 wa nchi yetu walikufa, wenye umri chini ya miaka mitano. Na mtoto aliyetoka katika surua akiwa mzima mara nyingi hutoka amekonda, na bwaki yamngoja mlangoni.

Hapa twapenda kueleza jambo moja linaloleta manung'uniko. Mama atoka mbali, afika siku isiyo ya chanjo, naye aambiwa: «Rudi Jumatano.» Aona amedharauliwa. Sababu ni hii: chupa moja ya dawa ya surua ina sehemu ya watoto kumi. Ikichanganywa na maji yake, haikai zaidi ya saa sita, baadaye yatupwa. Tena ni dawa ya baridi, yapaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8 tangu ilikotoka mpaka mkononi mwa muuguzi, na mahali pasipo umeme huo ni mtihani: friji ya nguvu za jua, sanduku lenye barafu, pikipiki, na mara nyingi miguu ya mtu. Muuguzi aogopa kutupa tisa kwa ajili ya mmoja. Twamwelewa. Lakini wakuu wa chanjo wenyewe wafundisha kwamba ni afadhali kufungua chupa kwa mtoto mmoja kuliko kumrudisha bila kinga, kwa maana huenda mama huyo hatarudi. Angalau mama aelezwe, tena kwa upole.

Neno hilo la upole twapenda kulikazia. Tumesikia wanawake wasemao kwamba hawaogopi sindano, waogopa ulimi. Mama afika na kitenge kimoja kilichochanika, mtoto hakuogeshwa kwa sababu maji yako bondeni, naye asemeshwa mbele ya wenzake kama mwanafunzi mtukutu: «Wewe, mtoto wako mbona mchafu hivi? Wewe wazaa tu!» Tangu siku hiyo kituo hakimwoni tena, na mtoto wake hayumo katika hesabu. Twajua uchovu wa muuguzi ambaye tangu alfajiri amepima watoto themanini na hajanywa hata chai. Lakini ulimi huo waharibu katika dakika moja kazi ya mwaka. Wauguzi tuliowaona wakifaulu ni wale wamwitao mama kwa jina la mtoto wake, Mama Furaha, na waketio naye mahali pa pembeni wakimwuliza: jana jioni mtoto alikula nini, na nani alikula kabla yake?

Swali hilo la mwisho ni letu, akina baba. Sambaza chache zilizonunuliwa huenda kwenye sahani ya nani? Bugali wa muhogo wajaza tumbo la mtoto, haumjengi. Na kuku wataga, lakini mayai yaenda sokoni kununua chumvi na sabuni. Hatusemi msinunue chumvi. Twasema tu kwamba katika mayai sita, mawili yaweza kubaki. Sombe lililotiwa karanga, maharagi yaliyopondwa bila maganda, ndagala au sambaza zilizokaushwa na kutwangwa unga wa kutia katika uji: hivi vyote vyapatikana bila kusafiri mjini. Tena mama akichukua mimba wakati bado ananyonyesha, si kweli kwamba maziwa yake yamegeuka sumu. Mtoto asinyang'anywe ziwa siku moja kama mwizi anyang'anywavyo mzigo. Apunguziwe polepole huku chakula kikiongezwa.

Siku ya mizani yaisha, lakini kazi haijaisha. Watu wanapokwisha kwenda, muuguzi afungua kitabu kikubwa na kutafuta wale ambao hawakuja. Akuta mtoto ambaye mwezi uliopita mstari wake ulilala, leo hayupo. Akuta mwingine aliyebakiza chanjo ya miezi tisa. Aandika majina juu ya kipande cha karatasi na kukigawa kwa wale wasaidizi wa vijijini waitwao reko, waume kwa wake, wakulima kama sisi, ambao wengi wao hawalipwi kitu ila fulana na shukrani. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, reko atapita nyumba kwa nyumba na karatasi yake. Akifika kwenu, mwonyesheni mtoto, hata kama anacheka.